Kusoma mipangomiji hatua kwa hatua: kutoka kidato cha sita hadi mchoro ulioidhinishwa

Anayeomba kusoma mipangomiji mara nyingi huwa na picha ya maghorofa, barabara za juu na bustani zenye chemchemi. Kazi atakayoikuta ni shamba la ekari moja, mwenye shamba anayewaza ada za watoto, dalali mwenye haraka na mkondo wa maji unaopita katikati ambao kila mtu anajifanya haupo. Mtaalamu wa mipangomiji kazi yake ni kuamua maji yatapita wapi, watu watapita wapi na nani atatoa ardhi ya kupitisha hivyo vyote, kabla nyumba hazijaota kama uyoga. Mengine yote, pamoja na maneno makubwa kama "maendeleo endelevu", yanasimama juu ya maamuzi hayo matatu.

Mwongozo huu unamlenga zaidi msomaji wa Tanzania, ingawa hatua za katikati zinamfaa hata aliyeko Kisumu au Goma.

Hatua ya 1: Jua fani hii inaishia wapi

Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina watu ambao wananchi huwachanganya. Afisa mipangomiji huandaa mchoro unaoonyesha matumizi ya kila kipande: makazi, shule, soko, barabara, eneo la wazi. Mpima huuhamishia mchoro huo ardhini na kupanda bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Mthamini hukadiria thamani, hasa kwenye fidia. Afisa ardhi hushughulikia umilikishaji na hati. Kama unapenda kuchora jengo moja likapendeza, nenda usanifu majengo. Kama unajiuliza kwa nini jengo hilo liko pale na wapangaji wake watafikaje kazini, hapa ndipo penyewe.

Kuna pia neno "mikoa" kwenye jina la shahada, Mipangomiji na Mikoa, na wengi hulipita kama pambo. Dar es Salaam inakunywa maji ya mto Ruvu, unaotiririka mkoa jirani wa Pwani. Mkaa, mchanga wa kujengea na mboga vyote vinaingia kutoka nje ya mipaka ya jiji. Ukipanga jiji bila kuangalia bonde la mto unaolinywesha, umepanga nusu. Mwanafunzi anayelielewa hili mapema huona maana ya masomo ya uchumi, haidrolojia (elimu ya maji) na kilimo ambayo wenzake huyalalamikia.

Hatua ya 2: Chagua chuo na mlango wa kuingilia

Chuo Kikuu Ardhi, pale jirani na Mlimani, Dar es Salaam, ndicho chenye historia ndefu zaidi nchini katika fani hii. Kilianza na mafunzo ya upimaji mwaka 1956, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kimeegemea zaidi upande wa mikoa na vijiji. Kwa anayeanzia astashahada au stashahada, vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora vina fani za ardhi zinazokufungulia mlango wa ofisi hizi hizi.

Mchepuo wenye Jiografia na Hisabati, kama EGM (na Uchumi) au PGM (na Fizikia), unakuweka pazuri. Sifa hubadilika, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka unaoombea, wala usitegemee cha kaka yako. Maombi ya mkopo HESLB, Bodi ya Mikopo, yaandae mapema, na vyeti vya kuzaliwa viwe vimehakikiwa. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kwa Kenya, vyuo vikuu vya Nairobi, Maseno na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya vyote vina idara za upangaji, na sheria ya kuanza nayo ni ile ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019.

Hatua ya 3: Jifunze kuhesabu watu kabla ya kuchora

Kabla hujashika programu yoyote, chukua matokeo ya sensa na kikokotoo cha simu. Jiji la Dodoma ni somo zuri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi pale ulifanywa mwaka 1973, CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa kuujenga mji, na mpango kabambe wa kwanza ukatoka mwaka 1976. Kwa miongo mingi serikali haikuhama kwa kasi iliyotarajiwa. Baada ya 2016 ikahama kweli kweli, CDA ikavunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakaenda halmashauri.

Tazama namba. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 410,000 katika eneo la jiji hilo, na ya 2022 ikakuta kama 765,000. Hilo ni ongezeko la asilimia 6.2 hivi kwa mwaka. Ukigawa 70 kwa 6.2 unapata miaka ya watu kuongezeka maradufu: 11 na ushee. Mkoa wa Dar es Salaam, uliotoka milioni 4.36 hadi milioni 5.38 katika muda huo huo, unakua kwa asilimia 2.1, maana yake miaka 33.

Endelea. Asilimia 6.2 ya watu 765,000 ni kama watu 47,000 kila mwaka. Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini, kwa hiyo ni kaya mpya 11,000. Ukiipa kila moja kiwanja cha mita za mraba 400, unahitaji hekta 440 za viwanja vitupu kila mwaka, kabla hujaweka barabara, shule, zahanati na makaburi. (Makaburi yasahau, uone utakavyoulizwa kwenye mkutano wa kwanza wa wananchi.)

Sasa jiulize halmashauri inaweza kulipa fidia ya hekta ngapi kwa mwaka. Jibu likiwa dogo kuliko mahitaji, na kwa kawaida ndivyo huwa, umeshaelewa makazi holela yanatoka wapi. Wanaojenga huko ni watu waliohitaji kulala mahali wakati kiwanja kilichopimwa hakipo au bei yake haishikiki, na wala hawajauona mchoro wa kuuvunja.

Hatua ya 4: Tembea mitaa miwili iliyozaliwa pamoja

Zoezi bora kwa aliyeko Dar es Salaam ni Sinza na Manzese. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliendesha mradi wenye sura mbili. Sinza viligawiwa viwanja vipya vyenye barabara na huduma, watu wajijengee. Manzese, ambako watu walishajenga, ikaboreshwa: barabara, mitaro na maji vikapitishwa katikati ya nyumba zilizokuwapo. Leo unaweza kutoka mmoja hadi mwingine kwa mguu.

Nenda na daftari, futi ya kupimia na mtu anayefahamika mtaani. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Mtu anayepima njia ya watu bila kuaga huonekana anatafuta nyumba za kuwekea alama ya X ya kubomolewa, na hapo hutapata jibu la swali lolote.

Pima upana wa njia mahali pembamba kabisa. Chini ya mita tatu hivi, gari la zimamoto halipiti, na la kunyonya majitaka litasimama mbali, liunganishe mpira kwa mpira hadi ufike chooni, ikiwezekana. Hesabu nyumba zilizo nyuma ya hapo. Fungua macho kwenye mitaro: kalavati limejaa nini? Likiwa na mchanga, juu kuna mmomonyoko. Likiwa na chupa na mifuko, gari la taka halifiki. Likiwa na maji meusi wakati wa kiangazi, kuna choo kilichoelekezwa humo. Maradhi matatu hayo, na dawa zake hazifanani.

Ukitoka hapo, teremka hadi Bonde la Msimbazi. Mto unaanzia milima ya Pugu, unakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, na mvua zimeifurika mara kwa mara. Usiishie kusema "walikosea". Uliza kwa nini ardhi ile ilikuwa wazi katikati ya jiji lenye uhaba wa ardhi. Ilikuwa wazi kwa sababu mto unaihitaji. Msimu wa kiangazi unaiona kama nafasi ya bure, na hapo ndipo maamuzi ya gharama kubwa hufanyikia.

Hatua ya 5: Kata ekari moja kwa mkono

Hili ndilo zoezi ambalo ningempa kila mwanafunzi wiki ya kwanza, kwa penseli na karatasi ya miraba.

Shamba lina upana wa mita 50 na urefu wa mita 81, yaani mita za mraba 4,050, ekari moja na ziada ndogo isiyo ya kujadili. Upande mfupi wa mbele unagusa barabara. Dalali anakuja na hesabu yake: viwanja 10. Anagawa shamba katikati kwa urefu, anakata safu tano, kila kiwanja mita 25 kwa 16.2, sawa na mita za mraba 405. Karatasi imejaa, hakuna kilichopotea.

Hesabu viwanja vinavyogusa barabara. Ni viwili. Wanane waliobaki watapita kwa hisani ya majirani, hadi siku mmoja wao ajenge ukuta. Hizi ndizo kesi zinazojaza mabaraza ya kata.

Sasa kata wewe. Anza na barabara ya mita 10 katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Zinabaki mita 20 kila upande. Kila upande unatoa viwanja vinne vya 20 kwa 20, jumla vinane, na mita moja inabaki mwisho. Umepoteza viwanja viwili, na vyote viwili vimekuwa barabara: mita za mraba 810.

Mwenye shamba atakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa hiyo mpe hesabu yake. Ili apate fedha ileile ya viwanja 10, inatosha kila kimoja cha vinane kiuzwe kwa bei iliyozidi kwa robo. Kiwanja ambacho lori la mchanga linafika hadi mlangoni kuuzwa robo zaidi ya kile kinachobebewa tofali kichwani si ajabu. Ukiweza kumweleza hivyo kwa lugha ya sokoni, umefanya kazi ambayo hakuna programu itakayokufanyia.

Bado hujamaliza. Barabara yako inaishia ukutani nyuma, gari la taka litageuzia wapi? Unamega pembe za viwanja viwili vya mwisho, au unakwenda kuzungumza na mwenye shamba la nyuma ili barabara iendelee kwake. Njia ya pili ni ngumu na ndiyo bora, kwa sababu mtaa wenye barabara zinazoungana hauhitaji kila mtu azunguke. Na mteremko unaelekea wapi? Kama shamba linashuka kuelekea nyuma, barabara yako mpya itakuwa mto wakati wa masika, na mwenye kiwanja cha mwisho ndiye bwawa. Jifunze kusoma kontua, mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa: mistari miwili inayotofautiana kimo kwa mita 5 na iliyoachana mita 100 ni mteremko wa asilimia 5. Weka mtaro upande wa chini na uonyeshe maji yanatokea wapi nje ya shamba. Mchoro ambao maji yake yanaishia kwenye mstari wa mpaka haujaisha.

Zoezi la nyongeza ni la gharama. Kaya 100 kwenye barabara moja, 50 kila upande, viwanja vyenye mita 20 mbele: barabara ni kilometa 1. Fanya mbele iwe mita 40, kama wengi wanavyoota, inakuwa kilometa 2. Bomba, nguzo za umeme, lami na safari ya gari la taka vyote vimeongezeka maradufu, na walipaji ni walewale 100. Ndiyo maana nabishana na kila anayedhani mji endelevu ni viwanja vikubwa vyenye miti. Miti ipandwe barabarani na kwenye maeneo ya wazi, ila watu wakae karibu karibu kiasi cha kutosha basi la abiria lipate faida.

Hatua ya 6: Sheria, soma chache kwa makini

Katiba ya kazi hii ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini, na mtu anamiliki haki ya kuitumia, mjini kwa kawaida kwa miaka 33, 66 au 99. Kisha Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, inayozifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji na kutenganisha mpango kabambe wa mji mzima na mpango wa kina wa eneo.

Zisome ukiwa na tukio mkononi. Chukua alama ya X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati. Nyumba iliyosimama ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa ilifuatwa na barabara, na huwekwa X ya kijani: ina fidia. Iliyojengwa ndani ya hifadhi ya zamani ndiyo iliyoifuata barabara, na huwekwa X nyekundu: haina fidia. Rangi mbili, familia mbili zenye hatima tofauti, na tofauti iko kwenye tarehe na futi. Ongeza kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachozuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, ukipime kwenye mto wowote mjini kwako.

Hatua ya 7: Kompyuta

QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, ni ya bure, inatosha kwa miaka yote ya shahada. AutoCAD, ya michoro ya kiufundi, utaikuta studio na ofisini. Data anzia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, pamoja na picha za ndege zisizo na rubani, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Zaidi ya hapo ni mazoezi tu.

Hatua ya 8: Kaa kwenye mkutano

Mchoro wa mtaa uliokwisha kujengwa haupiti bila wenye nyumba. Kwenye urasimishaji, yaani kuyapanga na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango, barabara hupatikana kwa wakazi kumega maeneo yao, na maongezi hayo hufanyika ana kwa ana chini ya mwembe au darasani Jumamosi. Omba kuhudhuria kabla hujapewa cha kusema.

Angalia nani hazungumzi. Mara nyingi ni wapangaji na wanawake waliofiwa na waume, ambao majina yao hayapo kwenye karatasi ya mauziano. Angalia pia kinachotokea mtu wa kwanza anapokubali kurudisha ukuta nyuma mita moja: wanaofuata hukubali haraka. Kwa hiyo mjumbe na mwenyekiti wa mtaa waonwe mapema, na kama ukuta wa mwenyekiti ndio unaoziba, anza na huo.

Mukuru, mtaa wa makazi holela Nairobi, wamefanya hili kwa kiwango kikubwa. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la upangaji maalumu mwaka 2017, na wakazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa kama hiyo, wakajipanga kwa makundi ya kaya kumi kumi hadi maoni yakafika kwenye meza ya wapangaji. Eneo lenye watu wengi kiasi kile lisingeweza kusikilizwa kwa mkutano mmoja uwanjani.

Hatua ya 9: Mafunzo kwa vitendo, tasnifu, usajili

Kwa mafunzo ya vitendo, omba halmashauri ya mji mdogo unaokua. Jijini utapewa faili la kupiga chapa, huko utatumwa uwandani siku ya pili kwa sababu ofisi ina watu wawili. Fuatilia mchoro mmoja mwanzo hadi mwisho: mkutano wa wananchi, kamati ya mipangomiji ya halmashauri, idhini ya mkurugenzi wa mipangomiji, upimaji na bikoni, kuidhinishwa kwa ramani ya upimaji, kisha umilikishaji. Andika kila mahali faili lilipokaa na kwa nini. Orodha hiyo inaweza kuwa tasnifu nzuri kuliko mada yoyote ya "changamoto za ukuaji wa miji Afrika".

Utakutana na shinikizo la kubadili matumizi, hasa eneo la wazi kugeuzwa kituo cha mafuta au kumbi. Utaratibu wa kisheria upo: tangazo, pingamizi za majirani, uamuzi wa kamati. Ukiombwa kuruka hata hatua moja, omba maelekezo hayo kwa maandishi. Mara nyingi ombi hupoa hapo hapo.

Ukihitimu, fanya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa na uanze kujaza kumbukumbu zinazotakiwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Ajira za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, nyingine ziko Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, makampuni ya upangaji na urasimishaji, na miradi ya barabara na maji. Kwenye usaili wa kampuni ndogo, peleka ile ekari uliyoikata kwa penseli, yenye mtaro na mahali pa gari la taka kugeuzia, pamoja na mchoro mmoja wa QGIS wa mtaa uliotembea mwenyewe. Watakuuliza kwa nini barabara ni mita 10 na si 6. Uwe na jibu.